UZI WA MALALAMIKO: Riwaya zangu za Buffy zimefutwa kwa neno moja na nukta

Wakuu, heshima kwenu. Ninaandika mikono ikitetemeka na chai ikipoa mezani. Mhusika sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila aliyewahi kuuliza jambo kuhusu Buffy the Vampire Slayer, ile tamthilia ya televisheni ya msichana mwindaji wa vampaya, humu ndani ameshapita mikononi mwake akatoka bila ngozi.

Nusu saa iliyopita nilituma aya kumi na moja kuhusu Queen of the Slayers, riwaya ya Nancy Holder ya mwaka 2005, inayoendeleza maisha ya Buffy na wenzake baada ya tamthilia kumalizika Mei 2003, mji wa Sunnydale ulipodidimia ardhini. Nilizisoma mara tatu kabla ya kuzituma, nikarekebisha hata mikato. Bwana yule akajibu: "Haihesabiki."

Neno ningelimeza, wakuu, lakini ile nukta! Mtu anayeweka nukta baada ya neno moja amekwisha kupigilia misumari ya jeneza, tena jeneza ambalo, tofauti na yale ya Sunnydale, halitarajiwi kufunguka usiku.

Hoja yake ninaijua. Kwake kinachohesabika ni hadithi rasmi tu, na Joss Whedon, muundaji wa tamthilia, hakuzisimamia riwaya hizo kwa karibu, ilhali katuni za Dark Horse zilizoanza mwaka 2007 alizisimamia mwenyewe na kuziita Msimu wa Nane, nazo zikashika njia yao. Sawa. Lakini riwaya ilitangulia kwa miaka miwili. Je, katika miaka miwili hiyo Buffy wangu alikuwa akiishi wapi? Aya kumi na moja, jamani. Na nukta!

Kigingi cha Mninga: Pole sana, mkuu. Nimezisoma aya zako zote, na ninakiri kwamba nilipofika ya nne nilianza kumwonea huruma yeye.

Bi Saumu: Wewe umepewa neno zima, shukuru. Mimi nilieleza jinsi nilivyotafuta sehemu zote nne za The Lost Slayer, ile ambayo Buffy anajikuta miaka mitano mbele na Giles, mwalimu wake, amekuwa mfalme wa vampaya, naye akaniandikia: "Hii nayo."

Mwenye uzi: Aliweka nukta?

Bi Saumu: Aliweka.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku: Kama kuhesabika ndicho kigezo, basi tamthilia yenyewe haijui kuhesabu. Katika msimu wa pili Giles anatuambia kwamba yule vampaya Spike ana umri wa takriban miaka 200, kisha katika msimu wa tano tunaonyeshwa akigeuzwa vampaya na Drusilla mjini London mwaka 1880. Hiyo miaka mingine aliikopa wapi?

Mwenye uzi: Ndugu zangu, tusiiache nukta.

Kigingi cha Mninga: Nukta imekwisha kusikika, mkuu. Mimi kinachoniuma ni Roma. Mwaka 2004, katika Angel, tamthilia iliyozaliwa na ile ya Buffy, tulimfuata Angel na Spike hadi Roma wakimtafuta Buffy, ikasemwa kwamba yuko na yule bwana aitwaye Asiyekufa. Baadaye katuni zikadai kwamba yule wa Roma alikuwa mfano wake tu, na Buffy halisi yumo ngomeni Uskoti. Jambo hilo lilirushwa kwenye televisheni, si riwaya ya pembeni, na bado lilipinduliwa!

Bi Saumu: Mimi nilifurahi. Heri baridi ya Uskoti kuliko kuolewa na bwana asiyeonyeshwa hata uso.

Mwenye uzi: Nani alizungumzia kuolewa? Mimi niliandika aya kumi na moja.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku: Nimepiga hesabu ya Spike upya. Tukianzia 1880 hadi 1997 alipoingia Sunnydale ni miaka 117, halafu tuongeze aliyoishi akiwa binadamu.

Kigingi cha Mninga: Ya ubinadamu inaongezwaje, wakati William, yaani Spike alipokuwa binadamu, alikwisha kufa?

Bi Saumu: Inaongezwa. Mwili ni ule ule.