Kusoma na kubadili mipangilio ya BMC na BIOS kwa skripti kwenye Linux

Swali

Ninasimamia seva za Linux zilizoundwa na kampuni tofauti. Kila ninapotaka kujua mpangilio mmoja tu, kwa mfano iwapo BMC (kompyuta ndogo ndani ya seva ya kuisimamia kwa mbali) inapata anwani yake ya IP yenyewe kutoka kwenye mtandao kwa DHCP au imewekewa anwani ya kudumu, hulazimika kuiwasha seva upya na kuingia kwenye BIOS (programu ya msingi inayoiwasha seva). Je, ipo njia ya kuisoma na kuibadili mipangilio hiyo kwa skripti, seva ikiwa inaendelea na kazi?

Jibu la kwanza

Ipo. Mpangilio ulioutaja hukaa ndani ya BMC yenyewe, na Linux huufikia kwa IPMI, itifaki ya kusimamia seva. Pakia moduli za kerneli `ipmi_si` na `ipmi_devintf`, hakikisha faili `/dev/ipmi0` limetokea, kisha utoe amri hii ukiwa root:

`ipmitool lan print 1`

Jibu lako limo kwenye mstari wa `IP Address Source`. Zingatia kwamba 1 ni namba ya chaneli, yaani njia ya mawasiliano ya BMC, nayo haifanani kwenye seva zote, kwa hiyo skripti ipitie chaneli kwa `ipmitool channel info` mpaka iipate ile ya LAN.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu, ila kwa seva nyingi ningechagua `ipmi-config` ya FreeIPMI, kwa kuwa huandika mipangilio yote kwenye faili la maandishi ambalo unaweza kulihifadhi kwenye Git na kulilinganisha na hali halisi ya seva wakati wowote:

`ipmi-config --checkout --filename=bmc.conf`
`ipmi-config --diff --filename=bmc.conf`
`ipmi-config --commit --filename=bmc.conf`

Kabla ya kulipeleka faili la seva moja kwenye seva nyingine, ondoa mistari ya `IP_Address` na `MAC_Address`, la sivyo utakuwa na BMC mbili zinazogombania anwani moja. Mimi hubakiza ile mistari ninayokusudia kuibadili tu, kwa sababu `--commit` haigusi kisichoandikwa humo. Na ukiifikia BMC kupitia mtandao kwa `ipmitool`, usiliandike nenosiri baada ya `-P`, maana aliye kwenye mashine hiyo huenda akaliona kwa `ps`. Liweke kwenye kigezo cha mazingira `IPMI_PASSWORD` na utumie `-E`.

Muulizaji

Nashukuru sana, upande wa BMC umeeleweka. Na mipangilio ya BIOS yenyewe?

Jibu la tatu

Hapo hutegemea mtengenezaji. Tangu kerneli 5.11 ipo saraka ya `/sys/class/firmware-attributes`, ambamo kila mpangilio una `current_value` ya kusoma na kuandika, na mipangilio ya kuchagua ina `possible_values` zinazoonyesha thamani zinazokubalika. Saraka hiyo huwepo pale tu mtengenezaji anapokuwa na draiva yake ndani ya kerneli, kama ilivyo kwa baadhi ya mashine za Dell na Lenovo.

Kwingineko jaribu Redfish, kiwango cha kusimamia seva kilichotolewa na shirika la viwango la DMTF mwaka 2015, ambacho huzungumza HTTPS na JSON, hivyo `curl` na `jq` zinatosha. Soma rasilimali ya `Bios` iliyo chini ya `/redfish/v1/Systems`, kisha utume mabadiliko kwa PATCH (ombi la HTTP la kubadili), mara nyingi kwenye `Bios/Settings`. Majina ya mipangilio hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo weka jedwali la majina hayo nje ya skripti.

Kwa njia zote mbili, mabadiliko mengi ya BIOS husubiri seva iwashwe upya. Kwa njia ya kerneli, skripti ikisoma faili `pending_reboot` na kukuta 1, iache kuandika tena na iiweke seva hiyo kwenye orodha ya zinazongoja.