Naomba ushauri: kijana wetu anafaa udiwani ila hana hela

Habari zenu wakuu. Niko Kibirizi hapa Kigoma, kuna kijana wetu mvuvi tunataka agombee udiwani, kichwa anacho na watu wanamkubali ila kila tukikaa swali ni lile lile, hela ya wajumbe wa chama wanaopiga kura za maoni ataitoa wapi? Mpinzani wake ana mitumbwi na mashine, vijana kibao anawadai mafuta na nyavu, sasa mtu anayekudai unamnyimaje kura? Na sio kwetu tu, Marekani 2024 tajiri Elon Musk alimwaga zaidi ya dola milioni 250 kwenye uchaguzi, mlango huo Mahakama yao ya Juu iliufungua 2010 iliporuhusu makampuni kumwaga hela bila kikomo kumpigia debe mgombea. Sisi angalau takrima, yaani zile zawadi za wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta 2006 halafu 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, lakini bahasha za usiku bado zinatembea na inaniuma sana kwa kweli. Waliowahi kumsimamisha mgombea asiye na kitu mlianzia wapi? Tukichangishana buku buku kwa simu sheria inaruhusu? Na hawa vijana wanaodaiwa tuongee nao vipi bila kuwaharibia kazi ziwani?