Nusu-orki mchawi: hivi bonasi za asili zina ulazima gani?

NusuOrki_Msomi
Wakuu habari zenu. Tunaanza kampeni mpya (hadithi ndefu ya kucheza kwa awamu) ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano, vitabu vya 2014, na mimi nimepania kucheza nusu-orki mchawi, jitu kubwa meno nje lakini usiku kucha liko na vitabu. Sasa kwa asili yake, yaani aina ya kiumbe, nusu-orki anapewa +2 ya Nguvu na +1 ya Ustahimilivu, Akili ambayo mchawi ndo anaitegemea hapati kitu, kwa hiyo kwa zile pointi 27 za kununulia sifa, Akili yangu inagota 15 wakati mwenzangu mwenye elfi wa juu kaanza na 16. Nikalalamika nikaambiwa chukua babariani tu, yule mpiganaji wa mabavu, orki kazi yake ndo hiyo. Imenikera kwa kweli. Hizi bonasi zina ulazima gani, au mimi ndo nang'ang'ania?

dadu_la_bluu
Hung'ang'anii kaka. Tuanze na hesabu. Akili 15 inakupa nyongeza ya +2 ukirusha dadu, 16 inakupa +3, kwa hiyo tofauti ni moja kwenye dadu la pande 20, asilimia 5 tu, na mtu akikwambia mhusika wako hafai kwa sababu ya hiyo asilimia 5 anakuonea. Ila hiyo moja haikuachi mapema, maana mnaongeza sifa kwa levo zilezile na mwisho ni 20: levo ya 4 yeye ana 18 wewe 17, levo ya 8 yeye kafika 20 wewe 19, unamkuta levo ya 12, na kampeni zote nilizocheza mimi ziliisha kabla ya hapo. Halafu kuna kitu hawajakwambia, nusu-orki akipigwa mpaka uhai unafika sifuri anabaki na 1, mara moja mpaka apumzike vizuri. Mchawi ni kati ya wenye uhai kiduchu kuliko wote! Hiyo kwako ni dhahabu.

Mzee_wa_Shoka
Mimi nitazitetea kidogo. Vijana mnaona +2 ni kifungo, lakini mwaka 1974 dwafu alikuwa mpiganaji tu basi na akifika levo ya 6 anagota hapo, na kwenye toleo la Basic la 1981 kuwa elfi ndo ilikuwa darasa lenyewe (yaani kazi ya mhusika, kama mchawi au mpiganaji), huchagui kingine. Kwa hiyo bonasi ni kamba iliyolegezwa. Na mimi nikikaa mezani na dwafu nataka nimsikie kuwa ni dwafu, sio binadamu mfupi mwenye ndevu. Ila nakubali kuna mahali walivuka mpaka, 2016 watunzi wa mchezo walitoa orki wa kucheza wakamkata -2 ya Akili kabisa, ile haikuwa ladha ya mchezo, ile ni kumwambia mtu wenzako ni wajinga tangu kuzaliwa. 2020 wakaifuta, sawa kabisa.

BibiDM
Mzee wangu shikamoo, nakuelewa, lakini huo udwafu unaoutaka hauko kwenye +2. Uko kwenye sumu kumshinda taratibu, kuona gizani, kusoma historia ya ukuta wa mawe kwa kuutazama. Hivyo vinazaa hadithi, +2 inazaa jumla tu.

Halafu namba zimehamishwa mara mbili na bado hatujatulia. 2020 kitabu cha nyongeza cha Tasha kikaruhusu uzipeleke unakotaka, ghafla dwafu wa milimani mwenye +2 mbili na ruhusa ya kuvaa deraya ya kati akawa mchawi mtamu kuliko wote. 2024 wakaacha neno la asili wakaita spishi, bonasi wakazitupia kwenye maisha ya mhusika kabla ya safari, sasa aliyekuwa mwanajeshi anaongeza Nguvu, Wepesi au Ustahimilivu, Akili hakuna. Yaani yule orki tumemwachia, tumemshika mwanajeshi!

Kwangu mimi DM, yaani msimamizi wa mchezo anayeigiza viumbe wengine wote, mchezaji anapeleka +2 na +1 anakotaka, mjadala umekwisha. Kazi yangu kubwa iko kwa wale ninaowaigiza mimi, maana ukimwachia mchezaji awe orki msomi halafu orki wote wanaokutana nao njiani ni majambazi wanaonguruma, umemfanya yeye kuwa "yule mmoja mwenye akili", na hiyo inauma kuliko 15. Kampeni iliyopita orki wa kwanza waliyekutana naye alikuwa mkunga, amechoka, anatafuta maji ya moto. Na tukicheza kwa Kiswahili mtu akisema "kabila lile akili hawana" meza nzima inanyamaza, neno lina uzito wake, huwezi kujificha nyuma ya sheria za kitabu.

NusuOrki_Msomi
BibiDM hilo la "yule mmoja" ndo lilikuwa linanisumbua nikashindwa kulitaja. Nimeongea na DM wetu leo, namba kagoma, anataka kitabu kama kilivyo, sawa naenda na 15 yangu. Ila nimemwomba mwalimu aliyenifundisha uchawi awe orki pia, mama mtu mzima, na awe bado yu hai ili tumtembelee. Amekubali na kaanza kuniuliza shule yake iko wapi.

dadu_la_bluu
Na ana wanafunzi wangapi wengine? Muulize hilo kabla hamjaanza.