Masaa matatu na shilingi 500: nifanye nini Jumapili bila kutoka Nairobi?

Mkazi_Umoja2

Hamjambo wadau. Naishi mtaa wa Umoja, kazi Industrial Area, Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Wiki yote ni stejini kungoja matatu, kazini, nyumbani. Sitafuti mbuga ya Maasai Mara wala ufuo wa Diani. Nataka jambo dogo la kunitoa kwenye mazoea mara moja kwa wiki: masaa matatu hivi, shilingi 500 nauli ikiwemo, sina gari, na mara nyingi nitakuwa na mtoto wa miaka tisa. Tafadhali msiniambie "zunguka tu tauni", yaani katikati ya jiji. Nipeni njia, saa, na mambo yanayoharibu mpango.

JichoJuu

Tauni yenyewe haina kasoro. Ila macho yetu hubaki usawa wa vioo vya maduka, na Nairobi ya kusisimua imeandikwa juu ya vibao. Mpe mtoto daftari na kazi moja: aandike kila mwaka anaouona umechongwa kwenye jiwe, na jina la barabara. Bila kazi hiyo atachoka baada ya dakika ishirini na kuanza kudai chipsi.

Njia haifiki kilomita nne. Shukeni Moi Avenue kwenye jengo la Kenya National Archives. Barabara hiyo zamani iliitwa Government Road, na sanamu ya Tom Mboya, yule waziri, iliyowekwa hapo 2011 iko hatua chache kutoka alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Fuateni Mama Ngina Street hadi Kimathi Street. Hapo yupo Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, sanamu ya 2007; kabla hamjafika karibu, mwambie mtoto akisie ameshika nini kila mkono (kulia bunduki, kushoto kisu).

Pandeni hadi Kenyatta Avenue, zamani Delamere Avenue. Hapa msiharakishe. Askari watatu wa shaba waliosimama katikati ya barabara waliwekwa 1928 kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake ni ya Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Msomeeni mtoto yale ya Kiswahili kwa sauti. Ni Kiswahili cha karibu miaka mia moja iliyopita na masikio yatagundua mara moja. Mmoja wa wale watatu ni mpagazi wa Carrier Corps, kikosi kilichobeba mizigo ya jeshi. Jina hilo ndilo lililogeuka Kariokor, jina la mtaa. Mtoto anayepita Kariokor kila akienda tauni atafurahi kujua hivyo.

Endeleeni hadi kona ya Koinange Street, kuna mnara wa 1939 wa kumkumbuka Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye magari, wenye umbali wa kwenda miji mbalimbali. Mbele kidogo, karibu na Uhuru Highway, ni jengo la 1913 ambalo sasa ni Nairobi Gallery. Zamani ndiko walikoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Rudini kwa Muindi Mbingu Street, mpite City Market, mwingie Biashara Street. Hapa ndipo daftari linajaa: tazameni juu ya madirisha ya ghorofa ya kwanza, kwenye paji la jengo. Malizieni kwa simba wa mawe mlangoni pa maktaba ya McMillan, 1931, mkabala na msikiti wa Jamia.

Saa: tatu hadi tano asubuhi. Mapema zaidi mitaa mingine huwa mitupu mno kwa mtu aliye na mtoto. Kinachoharibu ni simu mkononi, kwa sababu mbili: wezi, na walinzi wa benki wanaokataza picha. Daftari halina shida hizo, na Jumapili msitegemee kuingia ndani ya majengo.

Wanjala_wa_Miti

Naongeza tu, kwa sababu lazima mtu atataja msitu wa Karura: kutoka Umoja ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, wewe na mtoto, halafu kiingilio. Masaa matatu yote yataishia barabarani. Iwekeni kwa siku nzima ya likizo. Mkienda, hakikisha simu ina salio kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu. Fuata namba za njia panda zilizoandikwa kwenye vibao vya msituni ili usipotee. Na usitembee na ndizi mkononi, tumbili watakuja kuichukua.

Kwa muda wako, Arboretum, ile bustani ya miti, inafaa zaidi. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kigeni, wakati reli ikihitaji kuni za injini, na miti mingi ina vibao vya majina. Mchezo: chagueni mti mmoja tu, mchukue alama ya gome kwa karatasi na penseli, mpime mzunguko wa shina kwa kamba, mrudi baada ya miezi mitatu mpime tena pale pale. Funga kamba usawa wa kifua cha mtoto na uandike urefu huo kutoka ardhini, la sivyo kipimo cha pili hakitakuwa na maana.

PaaLaTano

Umoja una ghorofa nyingi ndefu. Kwa nini utumie nauli? Kutoka juu ya paa unaweza kuuona Mlima Kenya, bure.

Watu wengi hujaribu mara moja, wakakosa, wakasema ni uongo. Makosa ni matatu. La kwanza ni saa: mlima huonekana kabla ya jua kuchomoza na muda mfupi baadaye, tuseme saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Kufikia saa tatu mawingu yameshaufunika. La pili ni upande. Washa dira ya simu, tafuta digrii 20 hivi, yaani kaskazini ukielemea mashariki kidogo. Watu hutazama jua linakochomoza na mlima uko mbali kushoto kwao. La tatu ndilo linalowashinda wengi: wanatafuta kitu kikubwa. Mlima uko kama kilomita 130 kutoka hapa. Nyoosha mkono mbele, weka kidole kidogo kwenye upeo wa macho: urefu wote wa mlima unajificha nyuma ya upana wa kidole hicho. Tafuta jino jeusi lililochongoka, chini kabisa.

Siku nzuri ni Januari na Februari, hasa asubuhi baada ya mvua ya usiku kuosha vumbi. Muulize msimamizi wa ploti ufunguo jioni, si alfajiri. Angalia ukuta wa pembeni una urefu gani kabla ya kumpandisha mtoto. Mapaa mengine hayana ukuta kabisa, ni kamba za nguo tu.

Mkazi_Umoja2

Asanteni sana. PaaLaTano, ufunguo nitauomba. Je, usiku kuna cha kutazama juu ya paa hilo, au taa za Nairobi zimemaliza kila kitu?

PaaLaTano

Kipo, dada. Anza na Kilimia, kile kifungu kidogo cha nyota ambacho wakulima wa pwani walikitumia kama kalenda: *Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.* Desemba saa tatu usiku kiko juu, upande wa kaskazini-mashariki. Zima taa ya paani, kaeni dakika ishirini bila kugusa simu, kisha msikitazame moja kwa moja. Elekezeni macho pembeni yake kidogo na kitang'aa zaidi, kwa kuwa pembe ya jicho huona mwanga hafifu vizuri kuliko katikati. Hesabuni nyota. Sita ni matokeo mazuri. Tatu au nne kwa mji huu si mbaya.

Mwezi Mei hakionekani kabisa, kiko upande mmoja na jua. Wiki ya mwisho ya Juni kitafuteni mashariki kuanzia saa kumi na moja alfajiri, lakini Juni na Julai mawingu ya hapa ni mazito, kwa hiyo tengeni asubuhi nne au tano, na sweta mbili kila mmoja.