Naomba ushauri: Kusi na kaskazi zinachanganywa na upepo wa bahari

Wadau wa hali ya hewa, habari zenu. Kituo chetu kidogo cha vipimo kipo Kigamboni, Dar es Salaam, karibu na ufukwe. Tunataka kujua ni lini hasa hewa ya kaskazi (upepo wa msimu utokao kaskazini mashariki), yenye joto na unyevu mwingi, inaipisha hewa ya kusi, upepo wa msimu unaotoka kusini mwa Bahari ya Hindi ikiwa na ubaridi.

Mwelekeo wa upepo pekee hautoshi. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa bahari unavuma Januari na Julai vilevile. Alfajiri nako upepo wa bara unadanganya. Kwa hiyo nategemea zaidi kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo hewa ikipoa hadi hapo umande huanza kutokea, kinachosomwa saa 3 asubuhi. Mfano: kipimajoto kikavu nyuzi 27 za Selsiasi, chenye kitambaa kibichi 25, umande ni kama nyuzi 24, hiyo ni kaskazi. Kikavu 24, kibichi 20, umande unashuka hadi 18, kusi imeshika.

Shida kubwa ni chumvi. Kitambaa kikinasa chumvi ya bahari, maji hayavukizwi vizuri, kipimajoto kibichi kinasoma juu na hewa inaonekana na unyevu kuliko ilivyo. Maji ya kisima cha hapa, yenye chumvi, yanaharibu zaidi, tumia maji yaliyotoneshwa (yaliyopatikana kwa kupoza mvuke).

Naomba mnisaidie: mlio ufukweni mnabadilisha kitambaa kila baada ya siku ngapi? Na katikati ya masika, umande ukishuka, mnasubiri siku ngapi mfululizo kabla ya kuandika kwamba kusi imeingia?