Tupeane uzoefu: gari la zamani lilipokataa sailensi na kuanza kuvuja

Mwenye Pikapu, Nakuru
Wazee, hamjambo. Leo asubuhi nimewasha Pijo (Peugeot) 504 pikapu ya marehemu baba hapa Section 58, nikarudi ndani kunywa chai. Niliposikia vikombe vinagongana kabatini nikajua ni yale yale. Kwenye sailensi, injini ikizunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta, inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ukikanyaga mafuta inatulia. Nilipoisogeza, chini pana madoa mawili: moja jeusi, jingine sijui ni la nini. Kabla sijamwita fundi anianzishie safari ya vipuri, nani yamemkuta? Toeni hadithi.

Kasuku wa Free Area
Ni madoa mawili tu? Hiyo bado mpya.

Nyar Kisumo
Hiyo ya vikombe imenikumbusha Beetle yetu. Fundi alikuwa akirekebisha tapeti, ile nafasi ndogo ya vali, mara tu tukifika, injini ikiwa moto wa kukaanga omena. Beetle hupimwa tapeti ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, milimita 0.15. Nikamwonyesha kitabu cha gari. Akasema, "Mama, hicho kitabu ni cha Ujerumani, hapa ni Kondele." Nikanunua fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, nikapima mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na leso kiunoni. Sailensi ikarudi. Oili bado inavuja kwenye ile mirija ya chini ya silinda, lakini tumezoeana, nimeiwekea karai.

Dereva wa Mau
Mimi nilibeba kabeji kutoka Molo hadi Kisumu kwa Datsun 1200 miaka mingi. Linatoka Kisumu linaimba, likifika Mau Summit linatoa moshi mweusi na kuzima kila ukiachilia mafuta. Si ugonjwa, ni mlima. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, na ukipita Timboroa umevuka 2,700. Huko juu hewa ni nyepesi, kabureta haina habari, inamwaga petroli ile ile. Dawa ni skrubu ya mchanganyiko wa petroli na hewa, robo mzunguko tu. Bisibisi yangu ilikaa kwenye soksi.

Fundi Shabab
Dereva, acha kufundisha watu kuchokora kabureta. Magari yanafika kwangu yameharibiwa na bisibisi ya mwenye gari. Anza na moto: plagi, waya, pointi, kondensa. Halafu tafuta hewa inayoingia mahali isipopaswa. Kabureta iguse mwisho.

Dereva wa Mau
Unatetea ugali wako.

Fundi Shabab
Na wewe pointi za hiyo Datsun ulikuwa ukipima kwa nini?

Dereva wa Mau
Kwa karatasi ya pakiti ya sigara.

Fundi Shabab
Nimemaliza.

Omwana wa Mbale
Mulembe. Nimesoma hapo "jingine sijui ni la nini" nikatetemeka kuliko hiyo pikapu. Nenda ukalishike hilo doa kwa kidole leo. Mimi shida yangu haikuwa hata na doa.

Lilikuwa 504 lile refu la kubeba familia. Lilianza kwa kutetemeka nikisimama barabarani. Halafu moshi mweupe kidogo asubuhi. Halafu mafuta ya breki yakaanza kupungua, naongeza, yanapungua. Nimelala chini ya gari na tochi, magurudumu yote manne makavu, sakafu kavu. Fundi mmoja, simtaji, akasema gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini. Akashusha hedi, akasaga vali, akala karo ya muhula mzima, gari likarudi likitetemeka vile vile. Nikamuuliza, na mafuta ya breki je? Akanijibu, "Hayo hukauka tu na jua." Nami nikakubali! Mtu mzima, nimesoma.

Baada ya Krismasi tukatoka nyumbani kurudi Kisumu. Kiboswa tumepita salama. Pale Riat mteremko unapoanza na ziwa linafunguka mbele yako, nikakanyaga breki nyuma ya lori. Pedali ikashuka polepole kama mguu kwenye matope, ikafika chini, ikabaki huko. Nikapampu. Ikashika kidogo, ikapotea. Mama mkwe yuko kiti cha kati na jogoo mapajani, watoto watatu nyuma wamekalia ndizi. Sikusema kitu. Nikatia gia ya tatu, nikatia ya pili, injini ikapiga yowe, handibreki navuta na kuachilia, navuta na kuachilia. Kulia matatu inapanda. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo, nikaliegemeza gari hapo kama ng'ombe anavyojikuna mtini. Likakwaruzika ubavu mzima, likasimama. Kimya. Jogoo akawika. Mama mkwe akauliza, "Tumefika?"

Tukaletewa mzee kutoka Mamboleo, ana koleo moja tu mkononi. Hakugusa gurudumu hata moja. Akasema washa. Likatetemeka. Akashika mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi, pale injini inapovutia hewa, kwenda kwenye servo ya breki, lile kopo linaloongeza nguvu ya mguu, akaubana kwa koleo. Injini ikatulia tuli. Akaachilia, likatetemeka. Akabana, likatulia. Nilitaka kulia pale barabarani. Akafungua masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki: kwa nyuma pameloa. Sili ya nyuma imekufa, mafuta ya breki yanaingia ndani ya servo, na injini inayafyonza kwa ule mpira na kuyachoma. Ndio moshi mweupe. Ngozi ya ndani ya servo nayo imelainika ikapasuka, hewa inapita. Ndio kutetemeka. Alipoipindua servo ilitoka karibu kikombe kizima. Hedi yangu haikuwa na kosa lolote.

Kasuku wa Free Area
Jogoo mlimla?

Omwana wa Mbale
Nani angethubutu? Alizeekea kwetu.

Nyar Kisumo
Pole sana, ndugu yangu. Riat nimepita jana tu, nikisoma hivi mguu wangu unatafuta pedali chini ya meza.

Fundi Shabab
Huyo mzee ndiye fundi. Kubana mpira wa servo ni kazi ya dakika moja na haigharimu shilingi.

Dereva wa Mau
Hizo Pijo tungeziheshimu zaidi. Joginder alishinda nazo mbio za magari za Safari.

Kasuku wa Free Area
Uongo! Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Colt Lancer ya Mitsubishi. 504 ilishinda 1975 na Ove Andersson, kisha 1978. Mtoto wa Kericho msimsingizie.

Dereva wa Mau
Kumbe kasuku naye anasoma.

Mkulima wa Kitale
Mimi niko na Land Rover ya petroli, madoa sihesabu tena. Ng'ombe asiyekojoa ndiye huitiwa daktari. Ila sailensi iliniponyoka baada ya petroli yenye madini ya risasi kukomeshwa 2006. Viti vya vali vililiwa, vali zikapanda ndani ya hedi, nafasi ya tapeti ikaisha. Mwenye Pikapu, angalia hapo.

Fundi Shabab
Mzee, hiyo ni hedi yako ya chuma. Ya 504 ni aluminiamu na viti vyake ni pete ngumu zilizopachikwa. Usimtie hofu.

Kasuku wa Free Area
Kama ni rejeta inavuja, weka bizari.

Mkulima wa Kitale
Usiweke. Niliwahi kuweka yai, shamba zima likanuka. Lakini sabuni ya kipande kwenye tundu la tangi la petroli, hiyo inafanya kazi. Petroli haiyeyushi sabuni. Nimefika nayo hadi Webuye.

Mwenye Pikapu, Nakuru
Nimerudi, mikono yote grisi. Doa la pili ni maji, pampu ya maji inadondosha. Breki ziko sawa, lakini hadithi ya Riat imenifanya nizikague mara tatu. Nimebana mpira wa servo, hakuna kilichobadilika. Kisha nikanyunyiza maji kidogo kidogo chini ya kabureta, injini ikiwaka. Upande wa nyuma, maji yalipogusa tu, sauti ikabadilika, ikatulia kidogo, ikaanza tena.

Fundi Shabab
Gasketi ya chini ya kabureta. Inavuta hewa. Na hilo doa jeusi, kabla ya kununua sili yoyote, safisha paipu ya kupumulia injini. Ikiziba, oili hutafuta pa kutokea, utabadilisha sili mpaka uchoke.

Dereva wa Mau
Gasketi kata ya katoni ya maziwa.

Fundi Shabab
Usikate ya katoni! Wala usipake gundi ya tyubu, itaingia kwenye vijia vya kabureta.

Mwenye Pikapu, Nakuru
Sasa nitaipata wapi, na kesho Jumapili mafundi wa jua kali wamefunga?

Fundi Shabab
Pitia kwangu ukitoka kanisani, nina kipande cha karatasi ya gasketi. Njoo na kabureta, usije na Dereva.