Tupeane uzoefu: mtoto anayeonea wenzake shuleni, kwao anaishi vipi?

Mwalimu wa Kayole
Wadau, habari za jioni. Nafundisha gredi ya sita. Muhula uliopita kuna kijana alimwandama mwenzake mpaka yule mtoto akakataa kuja shule. Maneno yalikuwa yale yale kila siku: "Wewe hapa unakula tu bure." Tukamwita mama. Akiwa bado amekaa ofisini simu ikalia, ni msichana wa kazi anaulizia unga. Mama akamfokea: "Na wewe hapo kazi yako ni kula tu bure!" Kijana alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Tangu hapo siamini tena kwamba mtoto mwonevu hajui anachomfanyia mwenzake. Anajua sana, ndiyo maana anachagua neno linalouma. Anachokosa ni kuumia pamoja naye, na hilo mtoto hujifunza kwa kutazama jinsi mnyonge wa nyumba yao anavyotendewa. Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, alikuta katika malezi ya wavulana wakorofi mapenzi haba, wazazi wanaofumbia macho ukali wa mtoto, na vipigo. Nyinyi mmeona nini? Walioonewa, wazazi, walimu, karibuni.

Mtu wa Umoja
Mimi nilikuwa mono, yaani mwanafunzi wa kidato cha kwanza, katika shule ya bweni. Mono anawachotea wakubwa maji, anawafulia soksi, usiku anaamshwa apime bweni zima kwa kijiti cha kiberiti. Ukipoteza hesabu unaanza upya. Siku ya kutembelewa nikamwambia baba. Akacheka, akasema, "Hata sisi tulipitia, na si tuko sawa?" Nikanyamaza. Aliyenisaidia ni nyanya. Hakuniuliza kama napigwa. Aliniona nakula chapati huku nimeizungushia mkono sahani, akasema, "Mjukuu wangu, nani anakunyang'anya chakula?" Hapo nikalia. Jumatatu alipanda matatu mwenyewe, na bakora yake, mpaka kwa mwalimu mkuu.

Tulipoingia kidato cha pili, wenzangu wengi walikuwa wanaingoja zamu yao kwa hamu. Mimi sikuweza. Kila nikimwona mono amebeba ndoo, nilikuwa namwona nyanya akiuangalia ule mkono wangu.

Mama Wawili, Kibera
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo kwa malezi twende polepole. Mimi nalea peke yangu, natoka kibaruani Industrial Area giza limeshaingia, na sipigi watoto wala situkani mtu. Binti yangu wa gredi ya nne akaanza kuwabana watoto wadogo chooni na kuwanyang'anya pesa za mandazi. Kila mtu akasema ni mimi nimeshindwa kulea. Kumbe yeye mwenyewe kuna wasichana wakubwa walikuwa wanamtoza kila asubuhi langoni, na alikuwa anatafuta pesa za kuwapa. Tafadhali, msikimbilie kuhukumu nyumba.

Kilichomsaidia ni mwalimu wake kumpa kazi ya kuwabebea watoto wa PP1, wale wa chekechea, sahani saa ya chakula cha Dishi na County, ule mpango wa kaunti ya Nairobi wa kulisha watoto shuleni. Kuna mmoja mdogo alikuwa hali mpaka mtu akae naye. Sasa nyumbani hadithi ni ya huyo tu: leo amekula, leo amemwaga, leo ameniita dada.

Mwalimu wa Kayole
Mama, nimekuelewa, na ni kweli. Hiyo ya watoto wadogo inanikumbusha Roots of Empathy, mpango ulioanzishwa na Mary Gordon huko Toronto mwaka 1996. Mzazi huja darasani na mtoto mchanga kila baada ya wiki kama 3, mwaka mzima wa masomo, na wanafunzi wanajifunza kutambua anacholilia.

Boda wa Githurai
Baba yangu alikuwa akikosea anamwomba mama msamaha mbele yetu. Kwetu tuko watano, na hakuna aliyewahi kuitiwa mzazi kwa kuonea mtu. Ni hayo tu.

Mshauri wa Kawangware
Nyongeza kidogo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Bado wazazi huniambia, "Mwalimu amcharaze, mimi nimeshindwa." Mtoto aliyechapwa kwa sababu ya kuchapa wenzake hujifunza kujificha vizuri zaidi. Jioni mwulizeni: leo nani alikaa peke yake? Uliona anafanya nini? Na mtoto anayeogopa kumwambia mzazi, namba 116 ya Childline Kenya, simu ya kuwasaidia watoto, ni bure, hata usiku.

Mtu wa Umoja
Hilo swali naanza nalo leo. Mama Wawili, hao wasichana wa langoni waliishia wapi?

Mama Wawili, Kibera
Mmoja alihama shule. Mwingine kumbe wanaishi ploti ya pili kutoka kwetu. Nilienda kwao Jumapili, tukaongea na mama yake mpaka chai ikapoa. Siku hizi tunawasindikiza shule kwa zamu, watoto wake na wangu pamoja.